Mgomba Mmoja ni Migomba Mingapi?

Bibi yangu alisimama mbele ya shina la mgomba akakataa kusogea. Hakupiga kelele. Aliweka tu mkono mmoja kwenye gogo, mwingine kiunoni, akamtazama bwana shamba kama anavyomtazama mtoto aliyemwaga maziwa. Bwana shamba alikuwa ameshasema mara mbili: shina zima ling'olewe. Katika shina lile palikuwa na migomba mitano, na mmoja ulikuwa umeanza kunyauka. Majani yalikuwa ya manjano, yamelegea kama yamemwagiwa maji ya moto. Ndizi zilikuwa zinaiva kabla ya kukomaa, na ukipasua moja unakuta ndani pana doa la kahawia. Hakuna aliyebisha kwamba huo ni mnyauko. Wakati ule Kagera nzima ilikuwa inaujua.

"Mgonjwa ni huyu mmoja," bibi alisema. "Hawa wengine wamekosa nini?"

Bwana shamba akanigeukia mimi. Nilikuwa likizo, mwanafunzi wa chuo kikuu, na kwenye familia yetu hilo lilitosha kunifanya mfafanuzi wa kila kitu, kuanzia barua ya benki hadi taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Basi nikafafanua.

"Bibi, hawa siyo wengi. Huko chini ni kitu kimoja. Akiumwa mmoja, wameumwa wote."

Akanitazama kwa muda, akaondoa mkono kwenye gogo, akaingia ndani bila kusema neno. Tukang'oa. Ilituchukua siku nne kumaliza mashina 11, tukayakatakata na kuyaacha yakauke. Lile la kwanza ndilo lililoniganda kichwani, kwa sababu lilipandwa na babu, na lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kaburi lake. Kwetu watu huzikwa kibanjani, katikati ya migomba, kwa hiyo kaburi na shina vilikuwa majirani.

Nilikuwa na miaka 21. Leo nina zaidi ya 35, nafanya kazi ya uandishi wa habari, na swali la bibi bado sijalimaliza. Wakati ule nililiona ni swali la mtu ambaye hakusoma baiolojia. Siku hizi nadhani lilikuwa swali zito kuliko jibu langu.

Kwa msomaji ambaye hakukulia migombani, ngoja nieleze kidogo. Mgomba si mti. Lile gogo unaloliona ni sehemu za chini za majani zilizokumbatiana. Ukilipiga panga linakatika kama kabichi. Mwili wenyewe wa mmea uko ardhini, kitu kinene cha mviringo ambacho wataalamu wanakiita tunguu. Tunguu lina macho, na kwenye macho ndiko yanakotoka machipukizi. Kila mgomba unazaa mkungu mmoja tu maishani, basi. Ukishakatwa mkungu, kazi yake imekwisha. Lakini ubavuni mwake kuna mwingine umeshamfika mtu kifuani, na ubavuni mwa huo kuna mwingine ndiyo kwanza unachungulia. Hiyo familia nzima inayotoka sehemu moja ndiyo tunayoiita shina. Mabwana shamba hufundisha kwamba kila shina liachiwe migomba mitatu: mama, mtoto na mjukuu. Ndivyo wanavyosema hasa, kwenye vipeperushi na kwenye mikutano ya kijiji.

Na shina hutembea. Chipukizi hutokea upande mmoja wa tunguu, likikomaa nalo hutoa lake upande huo au mwingine, na baada ya miaka mingi unakuta shina limesogea kutoka pale lilipopandwa. Mkulima mzoefu huchagua chipukizi la kubakiza kwa kuangalia anataka shina lielekee wapi. Shina la babu lilipandwa kando ya njia. Nilipolijua mimi lilikuwa limeshasogea kuelekea kaburini. Nilipokuwa mdogo niliambiwa lilikuwa linamfuata mwenyewe. Nilichelewa sana kugundua kwamba aliyekuwa anachagua machipukizi kwa miaka yote hiyo ni bibi.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Chipukizi linapotokea, mgomba umekua au umezaa?

Kwa ng'ombe hakuna ubishi. Akinenepa amekua, akitoa ndama amezaa. Kwa mwembe pia ni rahisi: tawi jipya ni kukua, na mbegu iliyoota chini ya mti ni mtoto. Mgomba unaivuruga hesabu hii. Ndizi tunazokula hazina mbegu za kuota. Migomba ya porini ina mbegu, tena ngumu za kuvunja jino, lakini karibu aina zote tunazopanda zina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, na tatu haigawanyiki sawasawa ili kutengeneza mbegu. Kwa hiyo njia pekee ya mgomba wa shambani kuendelea ni chipukizi, na chipukizi si mchanganyiko wa baba na mama. Ni mwili uleule umetokea mahali pengine.

Likiwa bado limeshikamana na tunguu, unaweza kusema ni tawi, isipokuwa limeota chini ya udongo. Lakini chukua panga, likate, mpe jirani akalipande ng'ambo ya mto. Sasa kila mtu atasema kuna mashina mawili, lako na la jirani. Ndani ya chipukizi hakijabadilika kitu. Kilichopita kati ni panga tu. Je, panga ndilo lililozaa?

Wanabotania wamekutana na tatizo hili wakaamua kuwa na maneno mawili. Kila mmea mmoja unaoweza kusimama wenyewe wanauita rameti. Jumla ya zote zilizotokana na mbegu moja ya mwanzo, hata zikiwa zimetawanyika, wanaiita jeneti. Huko Utah, Marekani, kuna msitu unaoitwa Pando. Una vigogo kama 47,000 kwenye eneo la hekta 43 hivi, na wote ni jeneti moja: mti mmoja uliochipua kutoka kwenye mizizi yake mwenyewe mpaka ukawa msitu. Ukiingia humo na shoka, ukikata kigogo kimoja, umeua mti au umepunguza tawi?

Mwaka 1977 mwanabaiolojia Daniel Janzen alikwenda mbali zaidi. Alichukua mfano wa dandelioni, mmea mdogo wa maua ya manjano ambao mbegu zake zinaweza kutengenezwa bila chavua ya mmea mwingine, kwa hiyo kila mbegu ni nakala ya mama. Akasema kwa jicho la mageuzi ya viumbe tusiwahesabu kama mimea mingi midogo. Ni kama mti mmoja mkubwa unaoishi muda mrefu sana, isipokuwa haukujenga gogo la kuviunganisha viungo vyake. Yaani kwa Janzen hata panga halizai. Chipukizi la ng'ambo ya mto bado ni kiungo cha shina langu.

Likubali hilo halafu uje Kagera. Kwetu tuna majina mengi ya ndizi: enshakala, enchoncho, entobe na mengine ambayo vijana tumeshaanza kuyasahau. Bibi alikuwa anazitofautisha kwa kuangalia rangi ya gogo na jinsi mkungu unavyoning'inia, bila hata kufika karibu. Wanasayansi walipopima vinasaba vya ndizi hizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, hizi za kupika na za pombe ambazo Waganda wanaziita matoke, walikuta zinakaribia kufanana kabisa. Inaonekana chanzo chao ni kimoja, kikapandwa na kugawanywa kwa machipukizi kwa vizazi na vizazi, na mabadiliko madogo yaliyojitokeza njiani yakapewa majina na wakulima. Ukienda na hesabu ya Janzen mpaka mwisho, basi Bukoba, Masaka na Bujumbura zina mgomba mmoja, na sisi sote tumekuwa tukila mkono wake mmoja mmoja.

Hapo ndipo nilipokuwa nimesimama mimi na jibu langu. Chini ni kitu kimoja.

Miaka kadhaa baada ya kung'oa, nikiwa na makala ya kuandika kuhusu mnyauko, nilikaa kusoma ripoti za utafiti. Ugonjwa huu ulijulikana kwanza Ethiopia kwenye enseti, ndugu wa mgomba. Uganda ulionekana mwaka 2001, Kagera mwaka 2006. Bakteria wake husafirishwa na panga lililokata mgomba mgonjwa, na machipukizi yaliyotoka kwenye shina lenye ugonjwa, na wadudu wanaotua kwenye ua dume, lile linaloning'inia mwishoni mwa mkungu. Nililiwazia sana lile ua. Mgomba hauhitaji chavua ya mtu yeyote, haujazaa kwa ua kwa maelfu ya miaka, lakini bado unachanua, na kwenye chanuo hilo ndipo kifo kinapopata mlango. Ndiyo maana wakulima hufundishwa kulivunja kwa kijiti chenye panda, wasitumie kisu.

Halafu nikafika sehemu iliyonifanya niweke karatasi chini. Watafiti waliofanya kazi Uganda na mashariki mwa Kongo walikuta kwamba bakteria akiingia kwenye mgomba mmoja, si lazima afike kwenye migomba yote ya shina hilo. Machipukizi mengi ya tunguu lilelile hubaki salama, yanakua na kuzaa. Kwa hiyo ushauri ulianza kubadilika. Badala ya kung'oa shina zima, mkulima akate mgomba mgonjwa peke yake, usawa wa ardhi, kwa panga lililopitishwa kwenye moto au kuoshwa kwa jiki, arudie kila anapoona dalili, na maua dume yavunjwe bila kuchoka. Shamba likiwa limeharibika sana, kung'oa bado kuna nafasi yake. Lakini kwa shina lenye mgonjwa mmoja kati ya watano, sasa kuna wataalamu wanaosema neno lilelile alilosema bibi yangu. Mgonjwa ni huyu mmoja.

Nilifikiri nitajisikia vibaya kwa sababu tulikosea. Lakini nilipotulia nikaona kukosea kwa namna ile si dhambi. Bwana shamba alifuata kilichojulikana. Tungeacha shina lile na ugonjwa ukaenea, tungekuwa tumewatia hasara majirani ambao watoto wao wanakula kutoka kibanjani kila siku ya Mungu. Mtu akiamua kwa tahadhari, na ujuzi wa wakati wake ukiwa ndio huo, sioni pa kumlaumu.

Kilichonisumbua ni kitu kingine. Bibi aliniuliza swali la haki, nami nikamjibu kwa jibu la anatomia. Yeye aliuliza, hawa wamekosa nini? Mimi nikasema, wameunganishwa. Kana kwamba kuunganishwa ni kosa.

Na mchezo huu hatuuchezi kwenye migomba peke yake. Tuna methali yetu: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ni methali nzuri sokoni. Ukiona samaki mmoja kwenye kapu ananuka, usinunue kapu. Lakini tunaitoa sokoni na kuipeleka kwenye familia. Kaka mmoja amekamatwa na wizi, wadogo zake wananyimwa kazi mtaani. Dada mmoja amepata mimba akiwa shuleni, posa ya mdogo wake inaanza kusuasua. Nimekaa kwenye vyumba vya habari ambamo mtu anafanya jambo la aibu na swali la kwanza linaloulizwa ni, "Huyo kabila gani?" Anayeuliza hivyo anafanya nilichofanya mimi. Anatafuta tunguu. Akishalipata, hana haja ya kumwangalia mtu mmoja mmoja.

Kuna kesi iliyotoka hukohuko kwetu ambayo naikumbuka kila nikifika hapa. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Alipozeeka bila wa kumtunza, mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani kudai kwamba kwa mila mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inambagua mwanamke kinyume cha Katiba, na kwamba mama yule alikuwa na haki ya kuuza kama mwanaume. Ukoo uliohesabiwa kama mwili mmoja uliiona ardhi ikiondoka. Mmoja wa viungo vyake alipozeeka peke yake, mwili huo haukusikia maumivu. Hapo ndipo unapojua umoja unaodaiwa ni wa namna gani. Mwili wa kweli, kidole kikiumia, jicho linatoa machozi.

Lakini nisije nikaegemea upande mmoja mpaka nikaanguka. Kosa la pili lipo pia, nalo ni kuhesabu wengi pale ambapo kuna mmoja. Wakulima wakubwa wa ndizi za kusafirisha Amerika ya Kati walipanda aina moja, Gros Michel, mamilioni kwa mamilioni. Kila kampuni ilijiona ina shamba lake. Kwa ugonjwa wa Panama, fangasi wa kwenye udongo, lilikuwa windo moja, na kufikia miaka ya 1960 biashara ya aina hiyo ilikuwa imekwisha. Wakahamia Cavendish, nayo ni nakala ya nakala, na aina mpya ya fangasi huyo inaifuata. Mwaka 2013 ilithibitishwa Msumbiji, mwaka 2019 Kolombia. Mkulima anayesema "shamba la mwenzangu halinihusu", huku anapanda mmea uleule na kuazima panga lilelile, hajui anamiliki nini.

Kwa hiyo mmoja au wengi? Nilikuwa natafuta jibu moja, na sasa nadhani hapo ndipo nilipopotea. Inategemea unahesabu ili ufanye nini. Ukihesabu ili ulinde, hesabu kwa upana: jirani yako, jirani wa jirani yako, panga lenu nyote. Ukihesabu ili ushukuru, hesabu kwa upana pia, maana mkungu unaokula leo ulianza na mtu aliyekata chipukizi kabla babu yako hajazaliwa. Lakini ukihesabu ili ukate, hesabu mmoja mmoja, kwa macho yako, ukiinama kuangalia kila gogo. Umoja ni sababu ya kubeba mzigo wa mwenzako. Ukigeuka kuwa sababu ya kumhukumu kabla hajaangaliwa, mtu amebadilisha hesabu katikati ya njia.

Naona mtu atauliza: na kama huwezi kuinama? Kama muda hakuna, ugonjwa unakimbia, na huna namna ya kujua nani mzima? Basi kata, kama tulivyokata sisi. Kuna siku hatuna jingine. Lakini usimwambie aliyeshika gogo kwamba hakuna kinachopotea. Mwambie, "Bibi, hawa wengine hawajakosa kitu, na tunawakata kwa sababu hatujui." Ni sentensi ngumu zaidi. Nadhani angeipokea vizuri kuliko ile niliyompa.

Tulikaa miezi mingi bila kupanda, tukila mahindi na mihogo, jambo ambalo kwa mtu wa Bukoba aliyezoea ndizi ni kama kufiwa mara ya pili. Ulipofika wakati, bibi alimtuma mjomba kwa binamu yake wa tarafa nyingine ambako kibanja kilikuwa kizima. Akarudi na machipukizi manne. Bibi akalishika moja, akalikagua shingoni, akacheka peke yake. Miaka mingi nyuma, binamu huyo alipojenga, babu ndiye aliyempelekea machipukizi ya kuanzia, na moja lilitoka kwenye shina lile la njiani.

"Amerudi," akasema.

Sikubishana. Kwa hesabu ya jeneti alikuwa sahihi kuliko mimi. Akalipanda palepale karibu na kaburi. Yeye mwenyewe sasa amelala upande wa pili wake.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani nikakuta katika shina hilo mgomba mmoja umeanza kunyauka. Nikawasha moto, nikalipitisha panga mpaka likabadilika rangi, nikaukata usawa wa ardhi, nikalipitisha tena. Minne iliyobaki niliinama kuikagua mmoja mmoja, nikaiacha. Siku ya tatu nikarudi kazini Dar es Salaam. Tangu hapo kila Jumapili nampigia mjomba, na tukishamaliza kusalimiana na kuulizana habari za wagonjwa na watoto, najisikia nikimuuliza, "Na wale wengine, wanaendeleaje?"